Makaa Juu ya Kifuniko

Mjukuu wangu Salma,

Salamu kutoka Makadara. Tu wazima, alhamdulillahi. Goti la mjomba wako limepoa.

Waniuliza mbona kifua kikuu kilimchukua dada yangu Rukia, nami niliyelala naye kitanda kimoja kikaniacha. Majirani walisema ni kijicho. Wewe, huko maabara, wasema mwili una vimeng'enya vinavyowasha moto wa kupigana na maradhi, na kila mtu ana kiasi chake. Moto huo ukipungua, maradhi hushinda. Ukizidi, huunguza mapafu yenyewe.

Nimemkumbuka Rukia akioka mkate wa sinia, makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Nilipoongeza ya juu, aliyaondoa kwa koleo. "Wataka mkate au wataka majivu?"

Moto wa jikoni aliujua. Wa kifuani mwake, hapakuwa na wa kuupunguza.

Soma, mwanangu. Litafute koleo hilo.

Nyanyako