Nyanya za Shangazi

Shoga, hapa kwetu kuna balaa.

Shangazi alipiga dawa nyanya za bustanini jana asubuhi. Mchana jirani yetu, mama pacha, akazichuma bila kuomba, kama kawaida yake. Pacha wamezila mbichi. Wote wawili wamelazwa!

Baba yao katoka hapa sasa hivi. Hata hakufoka. Kamuuliza Shangazi tu, "Mama, ulijua mke wangu huchuma kwako?"

Nikajua Shangazi atakana. Hakukana!

"Nilimwona dirishani akichuma. Nikasema moyoni, leo atakoma."

LEO ATAKOMA. Kamwambia baba wa watoto usoni!

Yule baba akakaa chini, palepale kwenye tuta.

Shangazi kachukua chupa ya dawa, kavaa viatu. Nikamsihi asiende, watamrarua.

"Wanirarue. Daktari lazima ajue ni sumu gani."