Hadithi Uliyompa Mtu wa Karatasi

Kulwa, pacha wangu,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda maneno ya kuzunguka. Kibanda chetu cha gemu hapa Kahama bado kipo na jenereta bado linasumbua kuwaka, lakini tangu homa ikuchukue na tukuzike kule Kharumwa, sijarudi kwa mama hata mara moja. Naogopa atanitazama usoni akuone wewe. Nasingizia kazi.

Na kazi yenyewe imedorora. Wateja wanasema gemu lako la mtu wa karatasi limeharibika. Kaseti ni ileile. Milima ya karatasi nyekundu ipo, na ule mto wa bluu ambao akiuingia analowa na kujikunja. Wachimbaji wa Mwakitolyo wanakaa kwenye benchi, wanatazama kidogo, wanaanza kupiga miayo. Mmoja aliniambia, "Siku hizi halinogi, Dada Doto."

Nikaenda kwa Mzee Karim, mwenye duka aliyetuletea kaseti kutoka Dar. Akanisomea gazeti la kigeni la mambo ya gemu alilotumiwa na mpwa wake. Wameandika kwamba rangi zinapendeza, ila ni gemu la kitoto, rahisi mno, na hadithi hakuna.

Hadithi hakuna, Kulwa. Nilicheka pale dukani mpaka nikalia. Miaka miwili ulisimama kando ya televisheni na fimbo yako, ukijifanya unatutafsiria maandishi ya kigeni. Ulisema huyo mtu wa karatasi anaitwa Masanja. Masanja ametoka Kharumwa kutafuta dhahabu, amemwahidi mama yake nyumba ya bati. Kumbe yote uliyatunga wewe, nami niliamini kama wao.

Halafu kila mlipokaribia hatua ya mwisho ulizima. "Jenereta limechemka, tutaendelea Jumamosi." Nilidhani ni ujanja wa biashara, nikakusema mbele ya watu. Nisamehe kwa hilo.

Jumamosi iliyopita wateja walinibana wafike mwisho. Mzee Shija, mchimbaji ambaye huu ni mwaka wa saba hajaenda kwao, ndiye aliyecheza. Mimi nikashika fimbo, nikasimulia nilivyoweza. Masanja akafika. Jumba kubwa la karatasi ya manjano, malkia anamvika taji, maandishi yanapita, basi. Mama hayumo. Ndipo nikaelewa kwa nini ulikuwa unazima.

Mzee Shija akauliza taratibu, "Sasa mayu wake yuko wapi?"

Nikamwelekezea malkia fimbo. Nikasema mama yake ndiye huyo, amevaa hivyo kwa sababu alijua mwanawe anakuja.

"Hakumuuliza ameleta nini?"

Nikasema hakumuuliza.

Hawakupiga makofi. Walitoka mmoja mmoja, na Jumatatu nikasikia Mzee Shija amepanda basi kwenda kwao. Niliona aibu, Kulwa. Nimempeleka mtu mzima kwa mama yake kwa maneno ya uongo, na mimi nimekaa hapa nasafisha vitufe.

Basi pumzika, ndugu yangu. Alhamisi nafunga kibanda, naenda Kharumwa. Sura hii sina pa kuiacha, nitakwenda nayo. Nitakaa mbele ya mama mchana kweupe, akutazame mpaka atosheke.

Pacha wako,
Doto