Nilichosema kwa Kichina Mbele ya Jeneza Lako

Mama,

Naandikia jikoni kwa sababu sebule imejaa viti vya kanisa. Kesho ni makumbusho yako. Baba na majirani wanasimamisha hema nje, na Senge Rispa amefika tangu jana. Unamjua dada yake Baba, wewe ulikuwa ukimwita "redio". Anaamuru kila mtu, hata kuku. Asubuhi hii amenishika bega mbele ya wanawake waliokuwa wakichambua mboga, akasema, "Ayuma, kesho unatuombea tena kwa Kichina kama siku ile ya mazishi. Pasta mwenyewe ameuliza. Usikuwange na aibu, mtoto wa ndugu yangu, wewe ndio umetupatia jina hapa Lurambi."

Nikaitikia kwa kichwa, jinsi ninavyoitikia kila kitu. Sasa ni jioni, nimechukua daftari nikaja huku.

Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Kesho lazima nilikiri au nilirudie mbele ya watu wote. Nataka wewe ulisikie kabla yao.

Mama, niliacha kwenda darasa la Kichina. Wiki tano za mwisho za maisha yako sikukanyaga pale.

Nikianzia hapo nitaonekana mbaya kuliko nilivyo, kwa hiyo acha nianze nyuma kidogo. Nilipomaliza kidato cha nne, Baba alitaka nisomee kompyuta nikingoja matokeo. Senge alitaka nijifunze kusuka nywele. Wewe ukavaa ile sweta yako ya kijani, ukanipeleka Amalemba, kwenye vyumba viwili vilivyo juu ya duka la mbegu na mbolea, ukaniandikisha Kichina. Njia nzima sikukuuliza kwa nini. Senge aliwaambia watu kwamba unatafuta nikatafsirie Wachina wanaojenga barabara, na mimi nikaamini hivyo. Ulikuwa umeshaanza kuugua sukari. Nilidhani una haraka ya kuniona nikiajiriwa.

Darasa lilikuwa zuri, nisilisingizie. Tulikuwa tisa. Alikuwamo fundi mmoja wa pikipiki, mtu mzima mwenye watoto, aliyekuwa akisoma kwa sauti kubwa na kukosea kwa sauti kubwa zaidi. Mwalimu Lin alipomsahihisha alikuwa akisema, "Mwalimu, ulimi wangu umezoea viazi, upe muda." Sote tulicheka, hata mwalimu. Mwalimu Lin ni msichana mwembamba kutoka Uchina, na Kiswahili chake ni cha kitabuni kabisa. Husema "tafadhali keti" hata kwa paka wa dukani. Kuandika kulinifurahisha. Nilijaza kurasa nzima, na aliniambia kwamba mkono wangu ni mtulivu.

Lakini siku moja alisema tusimame mmoja mmoja, tuseme sentensi tano kuhusu mama. Nilikuwa nimeziandika zote tano usiku wa kuamkia siku hiyo, moja ikiwa kwamba unapika chakula cha watoto mia tatu. Nikasimama. Hakuna kilichotoka. Walinisubiri, Mama. Hakuna aliyecheka. Fundi wa pikipiki akanong'ona, "Pole pole, dada, hatuna haraka." Nadhani wangecheka ningevumilia. Wema wao ndio ulionimaliza. Niliketi, na kipindi kilipoisha nikashuka zile ngazi nikijua sitazipanda tena.

Baada ya hapo kila siku ya darasa nilivaa, nikabeba daftari, nikakuaga, nikaenda kuketi maktaba ya mjini mpaka saa sita. Macho yako yalikuwa yamefifia na mimi ndiye niliyekuwa nikikusomea ujumbe wa simu. Mwalimu Lin aliandika mara mbili kuuliza kama mimi ni mgonjwa. Mara ya kwanza nilikuambia ni watu wa kampuni ya simu wanatangaza bahati nasibu. Mara ya pili nilifuta hata kabla hujauliza. Hilo ndilo linaloniuma kupita yote. Darasa niliacha kwa woga. Lakini simu ilikuwa yako, na macho hayakuwa yako tena, na mimi nikayatumia vibaya.

Nawe kila nikirudi uliniita kitandani. "Mwana wanje, leo mmesoma nini? Nifundishe na mimi." Kwa kuwa sikuwa na kipya, nilikufundisha hesabu ya moja hadi kumi. Juma lililofuata tena hesabu. Ukasema, "Hawa Wachina wanahesabunga sana." Lakini ulizishika. Yi, er, san. Ulikuwa ukizisema ukiwa umefumba macho, vidole vikigonga blanketi. Saba tu ilikushinda. "Hiyo inatokea wapi, puani?" ukauliza, na ukaiacha kabisa. Kuanzia hapo hesabu yako ilitoka sita ikaenda nane, na mimi nikazoea kukufuata hivyo hivyo.

Sasa nikueleze siku ya mazishi, kwa sababu hukuiona. Watu walikuwa wengi. Wapishi wenzako kutoka akademia, ile shule uliyopikia, walikuja na sare zao. Mwenye akademia alikuja pia, akasema ulikuwa mfanyakazi mtiifu. Baba alipewa kipaza sauti akasema, "Asanteni kwa kuja," akakirudisha. Kisha Senge akakichukua. Alieleza jinsi ulivyonisomesha, sauti ikapanda, ikapanda, halafu nikasikia jina langu: "Huyu mtoto anajua Kichina! Mama yake alikuwa anajivunia sana. Ayuma, kuja hapa umuage mama kwa hiyo lugha aliyokulipia. Nyamazeni, watu wa Mungu, nyamazeni msikie!"

Walinyamaza. Hata watoto waliokuwa kwenye ua.

Nilisimama karibu na kichwa cha jeneza. Niliona uso wako kupitia kile kioo kidogo. Sikuwa na sentensi tano, sikuwa hata na moja. Kitu pekee kilichokuwa kinywani mwangu ni kile tulichokisema pamoja. Nikasema, yi. Nikasema, er. Nikaenda pole pole, nikilia, mpaka kumi. Nilipofika mwisho niliinamisha kichwa kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Mama, watu walilia. Mzee mmoja wa kanisa akainua mikono akasema, "Amina, Bwana anasikia lugha zote." Hema nzima ikajibu, "Amina." Senge alianguka kwenye kiti akijipepea. Mpaka leo nikienda dukani kuna mtu ananiambia kwamba hajawahi kusikia maombi yaliyomgusa hivyo. Walisema amina kwa hesabu ya chekechea.

Mtu mmoja tu alielewa. Mwalimu Lin alikuwa ameketi safu ya nyuma na fundi wa pikipiki, amejifunga leso waliyomwazima wanawake. Nilipoinua kichwa macho yetu yalikutana. Hakucheka, hakushangaa. Aliinama kidogo kuelekea kwako. Baadaye nilimwona akihangaika na obusuma, ugali wetu, kwa vidole huku mama wa jirani akimfundisha kuufinyanga. Nikajificha nyuma ya nyumba mpaka alipoondoka.

Alirudi baada ya wiki mbili, na sukari na unga kama mtu wa hapa. Baba alikuwa kazini na trekta, miwa ilikuwa inakatwa. Nilimtengenezea chai. Alinywa nusu kikombe, halafu akasema, "Ulihesabu vizuri. Uliruka saba."

Nilianza kulia. Nikamwambia yote: maktaba, simu yako, ile namba uliyokuwa ukiiruka. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kisha akaniambia jambo ambalo mimi sikulijua.

Alisema siku uliyoniandikisha ulinituma chini nikakununulie maji. Nakumbuka maji hayo. Nilidhani una kiu. Nilipotoka ukamwuliza, "Mwalimu, hapa mnavalisha watoto kibao?" Yeye hakuelewa. Alidhani unauliza sare, akajibu kwamba hapana, kila mtu avae apendavyo. Ukamwuliza tena, polepole, kama watoto wakikosea lugha wanafanywa nini. Akakujibu, "Wanakosea tena kesho." Anasema uliomba kalamu, ukatia sahihi.

Mama. Kumbe ulikumbuka.

Nilikuwa darasa la tatu. Ulikuwa umepata kazi ya upishi pale akademia na wakakubali nisome hapo, na wewe ulifurahi mpaka ukanishonea sketi upya mara mbili. Shule ilikuwa na vitabu, ilikuwa na choo safi, na nilijifunza mengi pale, siwezi kukana. Lakini Kiluhya kilikatazwa, na Kiswahili nacho kilikuwa na siku yake moja tu. Siku niliyovikwa kibao nilifika kwenye dirisha la chakula, nikakuona umeshika upawa, nikasahau kabisa kwamba wewe hapo si mama, ni mpishi. Nikakuomba kwa lugha yetu uniongezee maharagwe. Kiranja alikuwa nyuma yangu. Wakanivika kwa kamba kile kibao cha mbao cha waliosema lugha iliyokatazwa, nikivae mpaka nimkamate mwenzangu akikosea. Sikumkamata mtu. Nilikivaa wiki nzima. Na kila saa saba nilikuja dirishani nikiwa nacho kifuani, nawe ukanipakulia bila kusema neno, kwa sababu mwalimu wa zamu alikuwa amesimama hapo. Ila maharagwe yalizidi kila siku. Nilifikiri hukuumia. Nilifikiri kwamba ulinionea haya.

Tangu hapo niliona kwamba anayenyamaza havikwi kitu. Watu wakasema huyu mtoto ana adabu. Walimu wakaandika "mtulivu" kwenye ripoti, nawe ulikuwa ukiisoma hiyo sehemu ukakunja karatasi haraka. Sasa najua ulichokuwa ukikisoma.

Kwa hiyo hukunipeleka Amalemba kwa ajili ya Wachina wa barabara. Ulitafuta mahali ambapo kila mtu anaanza bila kujua, hata fundi mwenye watoto. Ungeniambia, Mama. Au labda uliniambia kwa njia yako, na mimi nilikuwa na shughuli ya kuogopa.

Leo asubuhi, Senge aliponiachia bega, nilimwambia Baba. Alikuwa akipaka trekta grisi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama upande wa pili wa gurudumu ili nisimwone uso. Akasema, "Mimi nilijua si maombi. Maombi yanaishianga na amina. Wewe ulikata tu." Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Na mimi nilisema nini siku hiyo? Asanteni kwa kuja. Miaka ishirini na mama yako, ndiyo nikasema hivyo." Akafuta mikono kwa kitambaa, akakifuta tena. Nikamwomba amwambie Senge kwamba mimi siwezi. Akatikisa kichwa. "Rispa nitamshika asikuchape. Lakini kusema ni kwako, Ayuma. Mimi mwenyewe nangoja kusikia."

Leo mchana nilimwambia Senge. Alikuwa anaosha sufuria. Alisimama wima na povu mikononi. "Moja mbili tatu? Watu walilia kwa moja mbili tatu?" Kisha akaangalia huku na huku. "Usimwambie mtu. Kesho sema hata mpaka ishirini, nani atajua? Unataka watu wanicheke mpaka Krismasi?" Nikasema, "Senge, Mama hakunisomesha nidanganye watu juu yake." Sijui hayo maneno yalitoka wapi. Sijawahi kumjibu mtu mzima. Alinitazama kama aliyesikia kiti kikiongea. Baadaye nilimwona amekaa peke yake nyuma ya jiko, na sikuweza kujua kama analia au anacheka. Nadhani vyote.

Kwa hiyo nimeamua, lakini ninaogopa. Nimezoea kuongea na wewe ukanielewa hata nisipomaliza sentensi. Kesho hawatakuwa wewe. Watakuwa watu mia mbili wanaotaka maombi ya Kichina.

Naomba unisamehe kwa simu. Naomba unisamehe kwa asubuhi zile za maktaba, uliponiaga kwa mkono ukidhani naenda unakotaka niende. Jumamosi ijayo nitapanda ngazi za Amalemba tena. Mwalimu Lin amesema kiti changu hajampa mtu, ila fundi anawekea kofia yake ya pikipiki.

Wananiita nje, Mama, nikasaidie kubeba viti. Pumzika. Kesho nitakishika kipaza sauti niwaambie kwanza nilichosema siku ile hasa, wacheke kama watacheka. Kisha nitasema kuhusu wewe, kwa lugha yetu, sentensi tano au zaidi. Sauti ikikatika nitasimama hapo hapo mpaka irudi. Nakuahidi hili moja: sitaketi kabla sijamaliza.

Kwaheri, Mama yangu.

Mwanao,
Ayuma