Matundu Manne, Bolti Tano

Baba Mishi,

Chai iko kwenye themosi, mahamri yamo kwenye bakuli lililofunikwa. Funga dirisha la jikoni, paka asije akakutangulia. Kanzu yako nimeipiga pasi.

Usishtuke kuona matofali yamebaki uani bila gari. Halikuibiwa, ninalo mimi.

Jana ulipoyafungua magurudumu yetu ili uweke yale yanayong'aa ya gari la kaka Mabruki, nilikuambia uhesabu matundu kwanza. Ukanijibu, "Volkswagen ni Volkswagen, Mama Mishi. Wewe angalia sufuria yako." Haya. Yale ni ya gari la mwaka wa sabini, yana matundu manne. Letu la sitini na tano linataka bolti tano. Asubuhi umehangaika nayo saa nzima, kisha ukaondoka umenuna kwenda kutafuta fundi, na leo ni harusi ya mdogo wangu!

Basi mimi na Lornah wa jirani tumeyarudisha yale ya zamani. Yeye kwenye jeki, mimi kwenye spana, na kila bolti nimeikaza kwa kuikanyaga spana.

~~Utajua mwenyewe utafikaje harusini Parklands.~~ Panda basi pale Adams Arcade, saa saba nitakuchukua mbele ya posta, mjini.

Sufuria yangu nayo nimeiangalia. Iko kiti cha nyuma, imejaa pilau.

Fundi ukija naye mpe chai, umwambie mgonjwa ameshapona, ameenda harusini.

Mama Mishi