Mbuzi wa Rika la Mujahidina

Mshauri mpendwa, naomba msaada upesi, kwa maana jana baba yangu, Marete, mzee wa kanisa hapa Nkubu, alitangaza kwamba hatapokea mahari kutoka kwa mujahidina, na mujahidina mwenyewe ni Runji wa Kiritiri, mchumba wangu, mfanyabiashara wa mbuzi ambaye hajawahi kupiga hata mbwa, ila vijana waliotahiriwa pamoja naye walijipa jina hilo kwa sababu mwaka ule redio ilitaja vita vya Afghanistan kila jioni, nao Jumamosi walifika langoni na mbuzi wa mahari wakiimba, "Fungueni, Mujahidina wamefika," baba akauliza, "Wamefika kupigana na nani?" na walipokuwa wakibishana mbuzi wakamaliza sukuma wiki ya mama, wakarudishwa wote, mbuzi na watu, na sasa Runji anasema jina la rika si shati la kubadilisha, baba naye hasikii la mtu, ingawa yeye mwenyewe ni wa rika la Nzige, waliotahiriwa mwaka wa nzige, nami sitaki kuolewa na mwingine, nifanye nini?

Kaari, Nkubu

Kaari,

Pole kwa sukuma wiki.

Mujahidina ni neno la Kiarabu, ndugu wa jihadi, yaani kujitahidi. "Ongeza juhudi" uliyoandikiwa na walimu ina mzizi huohuo. Kwa Waislamu ni mtu anayejitahidi katika njia ya Mungu, awe anapambana na nafsi yake au na adui vitani. Redio imetuzoesha maana ya vita tu, na wapo waliojiita hivyo wakamwaga damu ya wasio na hatia. Kwa hiyo baba yako si mjinga, usimcheke. Runji ndiye wa kukemewa: nani huimba kama jeshi kwenye lango la mkwe?

Lakini wewe dawa umeitupa mwishoni mwa barua kama maganda ya viazi. Baba yako ni Nzige, na hakuna jirani aliyewahi kumfukuza shambani. Rika hubeba habari za mwaka wake, si tabia ya mtu.

Usimwambie wewe, mtoto hamfundishi baba mambo ya rika. Runji pia anyamaze. Nenda wiki hii kwa mzee aliyetahiriwa pamoja na baba yako. Ni Nzige mwenzake tu anayeweza kumuuliza, "Marete, umekula shamba la nani?" naye akacheka.

Runji arudi Jumamosi, tarehe 14 Desemba. Wimbo auache Kiritiri, na safari hii mbuzi wafungwe kamba.