Namba Inashuka Mota Ikiwaka

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa binti yangu. Mguu wako unaendeleaje? Na shemeji, kile kifua kimemwachia? Huku tu wazima, Mungu anatushikilia, ila kichwa changu sikielewi, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijamwambia mtu wa hapa.

Unakijua chumba changu pale kwenye kiwanda cha sabuni, wewe ndiye uliyefunga nyaya zake kabla hujahama. Kazi yangu ni ileile: natazama namba ya tangi la mafuta, likikaribia kujaa nazima pampu. Juzijuzi namba ilisema nusu. Nikaacha pampu iendelee. Mara nasikia makelele, mafuta yamemwagika ua mzima! Nikazima kila kitu kama tulivyofundishwa, nikamwita msimamizi. Alipoingia tu, namba ikasema limejaa.

"Mama, wewe uliona nini hapa?"

"Nusu," nikasema.

Akanitazama vile watu walivyokuwa wakimtazama mama yetu.

Imetokea tena baada ya hapo. Nikiwa peke yangu namba inanidanganya, wakija watu inakuwa mwaminifu. Wenzangu wananitania, "Bibi Nusu, leo tangi linasemaje?" Nacheka nao. Lakini unakumbuka mama alivyoanza? Alitia funguo kwenye sufuria, kisha akaapa jirani kaziiba. Na umri wake ulikuwa huu wangu. Msimamizi anasema ikirudia nitapelekwa kufungasha sabuni. Kufungasha si neno. Ninachoogopa ni hicho kingine.

Niombee.

Dada yako

19 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Mguu umepona, shemeji yako anakohoa kidogo tu, anakusalimu.

Unaposema unazima kila kitu, unazima na ile mota kubwa ya kuchanganyia? Kama ndiyo, basi si kichwa chako, nakuapia. Kwenye kabati la nyaya nyuma ya kiti chako niliweka kijisanduku chembamba chenye taa ya kijani. Tunakiita aisoleta. Kinapokea habari ya tangi upande huu na kuitoa upande wa pili vilevile, ila nyaya za pande hizo mbili hazigusani. Kisipokuwepo, mota ikiwaka, umeme unaozurura ardhini unaingia kwenye waya wa tangi na kuivuruga namba. Ukizima mota, namba inarudi. Ndiyo maana kila anayekuja kushuhudia anakuta imetulia! Mwombe fundi afungue kabati aangalie.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Sisi tunasukuma siku. Barua yako nimeisoma, binti akanisomea tena, bado sijaelewa. Habari inapitaje kama nyaya hazigusani?

Fundi mpya amefungua kabati. Kijisanduku hakuna. Kumbe alikitoa mwenyewe, kiko kwenye droo yake pamoja na bisibisi. "Mama, kinachoingia ndicho kinachotoka," akaniambia. "Sasa kilikuwa kinafanya kazi gani?" Hata mimi nataka kukuuliza hilo hilo.

Dada yako

15 Aprili

Dada,

Shikamoo. Ndani yake upande mmoja kuna kitaa kidogo mno, na upande wa pili kuna kitu kama jicho kinachokitazama. Mwanga unavuka, umeme hauvuki. Na wewe unayepiga magoti kila asubuhi, ndiye wa kuniuliza habari inafikaje bila kugusana?

Mwambie fundi akirudishe, kisha waiwashe mota wote wakiwa wamesimama hapo. Usiogope.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu, na unisamehe kimya changu. Kifua cha shemeji je? Au kilikuwa chako? Niambie tena.

Kijisanduku kilirudishwa. Waliwasha mota chumba kimejaa watu, namba haikutikisika hata kidogo. Fundi akakitoa ili tuone, namba ikaporomoka, watu wakapiga kelele utadhani mpira umeingia golini. Msimamizi aliniomba radhi mbele ya wote. Sasa hakuna anayeniita Bibi Nusu. Nilimshukuru Mungu, nikalala usingizi wa mtoto.

Ningekuandikia siku hiyo hiyo. Lakini Jumapili nilitoka ibadani nikakuta funguo za kabati la nguo hazipo. Tulipekua nyumba nzima. Nikamwambia binti, "Ni yule jirani, nilimwona akichungulia." Nilisema hivyo, na nilikuwa na hakika. Jioni binti akafunua sufuria ili apike, akazikuta ndani. Akacheka sana. "Mama na wewe!"

Mimi sikucheka. Pale nyumbani hakuna mota.

Namba ilipokuwa inacheza nilikuwa na mahali pa kuusukumia wasiwasi wangu. Sasa imenyooka, taa ya kijani inawaka siku nzima nyuma ya kiti changu, na kila nikiisoma namba naisoma tena, halafu tena. Uliniapia si kichwa changu. Nilikuamini, na bado nataka kukuamini. Binti sijamwambia kitu.

Tafadhali nijibu upesi.

Dada yako