AC Milimani Sifungi

Mke wangu Mama Zuhura,

Mnaendeleaje na joto la Kariakoo? Mimi huku Lushoto mchana kweupe nimevaa sweta juu ya sweta, na viazi nakula vya moto mpaka ulimi unalia.

Sasa sikia kituko. Yule bosi aliyeniita nije kumfungia AC kajenga hoteli ya vioo vitupu, eti kama maghorofa ya Posta huko mjini kwetu. Dirisha hata moja halifunguki! Nje watu wanatetemeka, ndani jua limepiga vioo mpaka unatoka jasho. Na kwa vile umeme unakatika, kanunua jenereta la dizeli. Moshi wake wote unaingia jikoni kwa bibi wa jirani.

Nikamwambia, "Bosi, weka madirisha ya kufungua. Ubaridi wa huku ni wa bure."

"Wewe fundi au diwani? Funga mashine!"

"Sifungi."

"Basi beba spana zako ushuke!"

Nikabeba. Najua unaguna, maana hiyo ndiyo kazi tuliyoitegemea mwezi huu. Lakini si wewe unayelala pale dirishani, AC za ghorofa la jirani zikikupulizia joto lao usoni? Nimpulizie na bibi wa watu moshi?

Narudi mfuko mtupu, ila nina kiroba cha mapeasi. Ukitaka kuninunia, ninunie huku unakula.

Wabusu watoto. Nakupenda, na sijutii.

Baba Zuhura